Picha ya Mdudu Shambani: Namna ya Kuipiga, Kuiandikia na Kuichangia Ifae Darasani na Kwenye Utafiti

Msimu wa mahindi ukianza, makundi ya WhatsApp ya wakulima hujaa picha. Mtu katuma jani lenye matundu, pembeni kuna kidude cha kijani kisichoonekana vizuri, na chini kaandika: "Wadau, huyu mdudu ni nani na dawa yake ni ipi?" Majibu yanamiminika, kila mmoja na kiuatilifu chake. Picha haisemi imepigwa wapi wala lini, na jani lenyewe huwezi kujua ni la mhindi au la mtama. Wiki ikipita hakuna anayeweza kuipata tena, na mdudu aliyekuwa ndani yake hajaingia kwenye kumbukumbu yoyote.

Inauma, kwa sababu picha hizo zinahitajika mno. Kantangaze (Tuta absoluta), nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini, aliingia kwenye nyanya za Kenya na Tanzania mwaka 2014. Kiwavijeshi vamizi (Spodoptera frugiperda) aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa ameshatufikia. Mdudu mgeni anapoingia, wa kwanza kumwona ni mkulima. Mtafiti huja baadaye. Na siku hizi mkulima ana simu mfukoni.

Mfano mzuri tunao hapa jirani. Mwaka 2020, maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere ilitoa wazi picha 21,367 za majani ya muhogo kutoka Uganda. Nyingi zilipigwa na wakulima kwenye mashamba yao, kisha wataalamu wa mazao wakaandika kila jani lina ugonjwa gani, au halina. Watu kutoka kila pembe ya dunia wakazitumia kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo. Picha zile hazikuwa za mashindano ya urembo. Zilipata thamani kwa maelezo yaliyoambatana nazo na kwa ruhusa ya kuzitumia. Mwongozo huu umejengwa juu ya mambo hayo mawili.

1. Jua unachotaka kionekane

Kila mdudu ana alama zake, na picha isiyoonyesha alama hizo haimsaidii mtambuzi hata iwe nzuri vipi. Kwa kiwavijeshi vamizi, alama ziko sehemu mbili. Usoni kuna mistari hafifu inayotengeneza herufi Y iliyopinduliwa. Mkiani, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, kuna vidoa vinne vyeusi vilivyokaa kwenye pembe za mraba. Kiwavijeshi wa Afrika (Spodoptera exempta), ambaye wazee wetu wamemjua miaka mingi kwa kuja kwa makundi na kutambaa ardhini, hana mraba huo. Kwa hiyo picha ya kiwavi iliyopigwa kwa ubavu tu, kichwa kikiwa kimejificha ndani ya moyo wa mhindi, inaweza kuwa ya yeyote kati ya hao wawili.

Kantangaze ana hadithi nyingine. Buu lake hula nyama ya jani katikati ya ngozi mbili, ya juu na ya chini, na kuacha baka pana lililokauka. Yule inzi mdogo anayechora majani (Liriomyza) naye hula ndani ya jani, lakini njia yake kwa kawaida ni nyembamba na inapindapinda. Ukitaka kumwonyesha kantangaze sawasawa, chuma jani, liinue usawa wa macho na ulielekeze kwenye mwanga, jua likiwa nyuma yake, halafu piga. Baka litang'aa, na ndani yake utaona buu lenyewe limelala, pamoja na vinyesi vyeusi vilivyorundikana upande mmoja. Ukilikaribia zaidi, nyuma ya kichwa cha buu kuna ukanda mwembamba mweusi. Picha moja ya namna hiyo inamfundisha mwanafunzi kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Kama humjui mdudu, usijali. Piga pande zake zote, na mwenye ujuzi atakuta anachokitafuta.

2. Tayarisha simu na mwanga

Simu yoyote yenye kamera safi inatosha kuanzia. Futa kioo cha lenzi kwa kitambaa laini, maana jasho na vumbi la shambani huleta ukungu ambao watu huusingizia kamera. Usivute picha kwa vidole ili mdudu aonekane mkubwa. Simu nyingi hapo hukata na kutanua tu, na unapoteza maelezo. Simu ikigoma kuona vizuri kwa karibu, rudi nyuma kidogo, piga, kisha kata picha nyumbani. Kwa wadudu wadogo kama utitiri, vidukari na inzi weupe, nunua lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera. Si ghali, na inabadilisha kila kitu.

Asubuhi na mapema ndiyo saa yake. Wadudu wengi bado wamepoa na hawajachangamka, upepo ni mdogo, na mwanga hauchomi. Ikibidi kupiga saa sita mchana, kinga jua kwa mwavuli au kanga, kwa sababu jua kali huwafanya mbawakawa wang'ae hadi rangi zao zipotee. Karatasi nyeupe ukiishika upande wa kivuli hurudisha mwanga kidogo chini ya jani. Gusa skrini pale pale alipo mdudu, kwenye jicho au kichwa kama kinaonekana, na ushikilie shina kwa mkono wa pili lisitikisike. Piga nyingi. Kufuta ni rahisi, kumrudisha mdudu haiwezekani.

Jambo moja la usalama: shamba lililopuliziwa dawa lina muda wake wa kusubiri, ulioandikwa kwenye kibandiko cha kiuatilifu. Usiingie kabla muda huo haujaisha, hata kwa picha.

3. Piga mfululizo, usipige moja

Anza mbali, malizia karibu. Picha ya kwanza ichukue sehemu ya shamba, mtu aone kama uharibifu umetapakaa au uko pembezoni tu. Ya pili ni mmea mzima, toka shina hadi juu. Ya tatu ni sehemu iliyoharibiwa: jani pande zote mbili, tunda lililokatwa, bua lililopasuliwa. Upande wa chini wa jani ndio unaosahaulika mno, nao ndiko wanakokaa inzi weupe, utitiri na mayai ya nondo wengi. Kisha mdudu mwenyewe: mgongoni, ubavuni, kichwani, na tumboni ikiwezekana.

Picha moja katika mfululizo iwe na kipimo. Rula ya plastiki yenye milimita ndiyo bora. Watu hupenda kuweka sarafu, lakini mtafiti aliyeko Nairobi au Copenhagen hajui shilingi mia mbili ya Tanzania ina upana gani.

Piga pia mmea mzima wa afya kutoka shamba hilo hilo. Hili wengi hulidharau, ilhali katika zile picha za Makerere majani yenye afya yalikuwa kundi linalojitegemea. Kompyuta haiwezi kujua ugonjwa kama haijaonyeshwa uzima, na mwanafunzi pia ni hivyo hivyo. Vilevile usiwaache wadudu rafiki: nyigu wadogo, buibui, na wale mbawakawa wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, wanaokula vidukari. Kila mwaka wanauawa kwa dawa kwa kudhaniwa waharibifu, na picha zao kutoka mashamba yetu bado ni chache.

4. Andika pale pale, kabla hujatoka shambani

Hapa ndipo picha nyingi nzuri hufia. Nyumbani jioni utakuwa umesahau ile ilikuwa bamia au pamba. Kuwa na daftari dogo, au jirekodi kwa sauti kwenye simu. Andika tarehe, kijiji, kata na wilaya, na nukta za GPS kama simu inazitoa. Taja zao na aina ya mbegu, umri wa mmea, na sehemu aliyokuwa mdudu. Taja hatua yake ya ukuaji kama unaijua: yai, buu au kiwavi, pupa, mdudu kamili. Halafu weka makadirio yanayoeleweka, kwa mfano "kati ya mimea 20 niliyokagua, 7 ilikuwa na kiwavi", badala ya "wamejaa sana". Kama shamba limepuliziwa dawa, andika dawa gani na lini.

Maelezo yaliyokamilika yanaweza kusomeka hivi:

"Kiwavi kwenye moyo wa mhindi, mmea wa wiki 5 hivi. Kilosa, Morogoro, Tanzania. 14 Februari, asubuhi. Urefu mm 22 kwa rula. Kinyesi kibichi kama unga wa mbao kwenye majani ya juu. Mimea 7 kati ya 20 imeshambuliwa. Shamba halijapuliziwa dawa msimu huu. Nadhani ni Spodoptera frugiperda, kwa kuangalia vidoa vinne vya mkiani. Hajathibitishwa na mtaalamu."

Angalia sentensi mbili za mwisho. Mwandishi kasema anavyodhani, kasema kwa nini, na kasema bado hajathibitishiwa. Anayesoma anaweza kuipima kauli hiyo mwenyewe. Huo ndio uaminifu ambao sayansi inauhitaji.

5. Tunza picha ya asili

Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa ikapungua ubora, na taarifa zilizofichwa ndani yake, kama saa na nukta za GPS, huondolewa. Ukitaka ifike nzima, itume kama dokumenti au faili, au kwa baruapepe. Pokea picha za wakulima wenzako kwa njia hiyo pia.

Badilisha jina la faili, liwe na tarehe kwanza, kisha mahali, zao na namba: 2025-02-14_Kilosa_mahindi_03. Ukikata au kuongeza mwanga, fanya kwenye nakala na uache ya asili ilivyo. Kukata na kurekebisha mwanga kunakubalika. Kubadilisha rangi ya mdudu, au kufuta doa kwenye jani, ni kughushi ushahidi. Weka nakala mahali pawili, kwa sababu simu huibiwa.

6. Mpe jina kwa kiwango unachokiweza

Hakuna aibu kuandika "kidukari, spishi haijajulikana". Aibu ni kubuni jina la Kilatini likasambaa. Kama una uhakika na jenasi tu, yaani kundi la spishi zinazohusiana kwa karibu, andika Spodoptera sp. na uishie hapo.

Wapo wadudu ambao picha peke yake haitawatambulisha mpaka spishi, hata ungekuwa na kamera ya studio. Vithiripi, wale wadudu wembamba wadogo mno, wengi wao huhitaji hadubini. Inzi weupe wa muhogo, Bemisia tabaci, ni kundi la spishi zinazofanana kwa macho na kutofautishwa kwa vinasaba. Kwa hao, okoa mdudu mwenyewe: mtie kwenye kichupa chenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi, na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli humo humo ndani, kwani wino wa kalamu huyeyuka. Namba ya kichupa ilingane na namba ya picha.

Kiwavi usiyemjua unaweza pia kumfuga. Mweke kwenye chupa yenye mdomo uliofunikwa kitambaa, umbadilishie majani ya mmea ule ule kila siku, na upige kila hatua mpaka atoke nondo. Ukifanikiwa, una mfululizo ambao walimu wanautafuta: kiwavi, pupa na nondo wa mdudu yule yule mmoja. Fugia hapo hapo alipopatikana. Usisafirishe mdudu hai kwenda wilaya nyingine, na ukimaliza usimwachie.

7. Kabla ya kuweka hadharani

Jiulize kwanza: huyu mdudu anajulikana hapa kwetu? Kama unadhani ni mgeni, hatua ya kwanza ni kuwaita wenye dhamana. Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kenya ni KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Anzia kwa afisa ugani wa kata kama ndiye aliye karibu. Taarifa ya mdudu wa karantini, yaani anayezuiwa kisheria asiingie wala kusambaa, inaweza kusimamisha mauzo ya mazao nje ya nchi, na uvumi uliotokana na picha iliyotambuliwa vibaya unaumiza wakulima wasio na kosa. Mwache mtaalamu athibitishe kwanza. Hili si la kuficha. Ni la kutanguliza anayeweza kuchukua hatua.

Pili, mwenye shamba. Mwombe ruhusa kwa maneno yanayoeleweka: picha itawekwa kwenye intaneti, itaonekana na yeyote, na eneo litajulikana kwa kiasi hiki. Mnunuzi akijua shamba fulani lina kantangaze anaweza kushusha bei, kwa hiyo hofu ya mkulima ina msingi. Usionyeshe sura ya mtu bila ridhaa yake, na watoto uwaache nje ya picha kabisa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina ya mwaka 2022; lakini hata zisingekuwepo, heshima ingetudai hivyo hivyo.

Kuhusu GPS, kuna njia ya kati. Kwenye iNaturalist, tovuti na programu ya kuweka rekodi za viumbe, unaweza kuchagua eneo lifichwe, na ramani ya wazi itaonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya mraba wa digrii 0.2, ambao huku kwetu karibu na ikweta ni kama kilomita 22 kila upande. Mtafiti bado anapata wilaya, na mkulima anabaki na faragha yake.

8. Chagua leseni

Picha uliyopiga mwenyewe ni mali yako kisheria tangu ulipoipiga. Kama uliipiga ukiwa kazini, ulizia kwanza, maana haki inaweza kuwa ya mwajiri. Asiyepewa ruhusa hapaswi kuitumia, na ndiyo maana picha isiyo na leseni haiwezi kuingia kwenye kitabu cha shule kwa uhalali.

Leseni ni ruhusa ya maandishi inayosema wengine waitumieje picha yako; zile za Creative Commons (CC) ndizo zinazotumika zaidi. CC0 inamaanisha umeachia kila kitu. CC BY inamruhusu yeyote kuitumia, mradi akutaje. CC BY-SA inaongeza sharti kwamba kazi iliyotokana na picha yako itolewe kwa leseni hiyo hiyo. CC BY-NC inazuia matumizi ya kibiashara. Zenye herufi ND zinazuia kubadilisha, na kwa elimu sizipendekezi hata kidogo: mwalimu hataweza kusambaza picha yako aliyoichorea mshale kuonyesha doa.

Ushauri wangu ni CC BY. Najua wengi hukimbilia NC kwa kuogopa kampuni kubwa kujitajirisha kwa jasho lao, na hofu hiyo naielewa. Lakini NC inaifungia picha mlango wa Wikimedia Commons, hazina huru ya picha inayotumiwa na Wikipedia, na kwa hiyo wa Wikipedia ya Kiswahili pia. Inamzuia hata mchapishaji mdogo wa Dodoma anayeuza kijitabu cha kilimo kwa bei ya karatasi. Fikiri vizuri kabla ya kuamua, kwa sababu leseni ukishaitoa, aliyekwisha kuipata picha kwa masharti hayo huwezi kumnyang'anya.

9. Mahali pa kuziweka

Kama lengo ni utafiti, anza na iNaturalist. Kila rekodi ni ya mdudu mmoja, mahali pamoja, siku moja. Picha zake zote za pande tofauti huingia kwenye rekodi hiyo hiyo. Watambuzi wa duniani kote hutoa maoni, na zaidi ya theluthi mbili wakikubaliana juu ya spishi, rekodi yenye tarehe na eneo hupanda ngazi ya utafiti. Kutoka hapo, yenye leseni ya CC0, CC BY au CC BY-NC hupelekwa GBIF, hazina ya data za viumbe yenye makao Copenhagen, ambako watafiti huchota. Kuna kijikosa kimoja cha kuepuka: kuweka alama ya "kupandwa" kwenye rekodi ya mdudu. Mhindi umepandwa, kiwavi hakupandwa. Alama hiyo ni ya rekodi ya mmea, na ukiiweka kwa kiwavi, rekodi yake haitapanda.

Picha safi sana, yenye jina lililothibitishwa, peleka Wikimedia Commons. Hazina ya Bugwood ya Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, nayo ni maalumu kwa wadudu na magonjwa ya mimea, na walimu wa kilimo huitumia sana. Ukitaka jibu la haraka shambani, programu ya PlantVillage Nuru inazungumza Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti kwa muhogo na kwa kiwavijeshi vamizi. Kundi la WhatsApp libaki kwa mazungumzo; usiliamini kama ghala.

10. Ukitumia za wengine, na zako zikishatoka

Mwalimu anayechukua picha kwa ajili ya somo aandike chini yake jina la mpigaji, chanzo na leseni. Mstari mmoja unatosha. Picha iliyopatikana tu kwa kutafuta Google haijawa ya bure kwa sababu hiyo; fungua ukurasa wake uone masharti.

Rekodi zako uzirudie mara kwa mara. Mtambuzi akikusahihisha, soma sababu zake, na ukiridhika ubadilishe jina. Majina ya kisayansi yenyewe pia hubadilika. Kantangaze sasa huitwa pia Phthorimaea absoluta, kwa hiyo andika majina yote mawili ili anayetafuta kwa lolote akufikie. Inzi wa embe aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 alipewa jina la Bactrocera invadens mwaka 2005, na mwaka 2015 wataalamu wakakubaliana kuwa ni Bactrocera dorsalis, yule yule wa Asia. Waliokuwa wameandika tarehe, kijiji na tunda alimopatikana walibadilisha jina tu, na picha zao zikaendelea kutumika.